Nyongeza za Faini za Barabarani na Uandikaji wa Makosa katika Mkoa wa Singida, 1926–2021

Utangulizi

Dereva wa basi aliyepigwa tochi katika kijiji cha Issuna, kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, aliandikiwa tozo ya Shilingi 30,000. Alipochelewa kulipa hadi siku 7 zikapita, deni liliongezwa robo yake na kuwa Shilingi 37,500. Fedha hizo, zile za awali na zile za nyongeza, zilikwenda Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Hazikupitia Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi, ambayo Issuna imo ndani yake, wala hazikuwa na njia ya kurudi huko zikiwa na jina la kosa lililozizaa.

Mijadala ya faini za barabarani nchini Tanzania imeelekezwa zaidi kwenye mambo mawili: ajali na rushwa. Yote mawili yanastahili uzito yaliyopewa. Hata hivyo, yameacha swali la tatu bila kuulizwa ipasavyo, nalo ni la kihistoria: faini ni mali ya nani, na jibu la swali hilo limeathiri vipi kile kinachoandikwa na askari au mtoza ushuru kando ya barabara? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuangalia Mkoa wa Singida tangu kuanzishwa kwa hazina za wenyeji katika miaka ya 1920 hadi kupunguzwa kwa faini za pikipiki na bajaji mwaka 2021. Neno nyongeza limetumika hapa kwa maana mbili zinazokaribiana: ongezeko la kiwango cha faini lililofanywa kwa sababu za mapato, na kiasi kinachopandishwa juu ya faini kwa sababu ya kuchelewa kulipa.

Hoja inayojengwa ni kwamba kiwango cha faini peke yake hakielezi mwenendo wa uandikaji wa makosa Singida. Kinachoeleza zaidi ni mahali faini inapokwenda. Mamlaka ambayo haikuwa na fungu katika faini ya mwenzake ilitafuta karatasi yake ya kuandika, na dereva mmoja akajikuta anaandikiwa na wengi.

Singida inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ya jiografia yake. Ni mkoa wa njia panda: barabara ya Dodoma kwenda Mwanza inaukata kupitia Manyoni, Ikungi, Singida mjini, Misigiri na Shelui, na barabara ya Babati inaunganisha Singida na Arusha. Wengi wanaoandikiwa makosa katika barabara hizo ni wapita njia. Mapato yanayotokana nao hayategemei uchumi wa wenyeji, na malalamiko yao hayafiki kwa diwani yeyote wa Singida.

Hazina mbili, mahakama mbili

Utawala wa Waingereza katika Tanganyika uliweka msingi wa mgawanyo ambao athari zake zinaonekana hadi leo. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi na mabaraza yao uwezo wa kutoa amri katika maeneo yao, na hazina za wenyeji zikaanzishwa ili kupokea sehemu ya kodi pamoja na ada na faini za mahakama za wenyeji. Katika nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni, iliyokuwa sehemu ya Jimbo la Kati lenye makao makuu Dodoma, aliyetozwa faini kwa kukiuka amri ya mtemi alilipa katika hazina iliyolipa mishahara ya makarani na matarishi wa eneo lake.

Faini ya gari haikuwa ya namna hiyo. Kosa la dereva lilikuwa la sheria ya nchi, likasikilizwa bomani mbele ya hakimu wa serikali, na fedha yake ikaingia katika mapato ya serikali kuu. Magari yenyewe yalikuwa machache. Usafiri mkubwa ulitegemea Reli ya Kati iliyopita Manyoni na Itigi, na kwa kipindi kifupi tawi la reli la Manyoni hadi Kinyangiri, lililojengwa katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika muongo uliofuata. Kwa mkulima wa Ilongero au Kiomboi, faini ilikuwa jambo la mifugo, misitu na mashamba. Hata hivyo kanuni ilikwisha wekwa: kosa la kijiji lilikuwa na hazina yake karibu, na kosa la gari lilikuwa na hazina yake mbali.

Uhuru uliondoa upande wa kwanza wa kanuni hiyo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaziunganisha mahakama za chini katika mfumo mmoja wa taifa. Mahakama za Mwanzo zilizorithi kazi za mahakama za wenyeji zikawa sehemu ya mahakama za nchi nzima. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzuri, na haki ilinufaika kwa hakimu kutokuwa tena mtu yuleyule anayetawala na kukusanya kodi. Kwa upande wa fedha, mamlaka za mitaa zilipoteza chanzo cha mapato kilichokuwa chao kwa miaka karibu arobaini. Historia ya serikali za mitaa hulitaja jambo hili kwa sentensi moja, kama inalitaja kabisa.

Sheria iliyotungwa wakati halmashauri hazipo

Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, ilitungwa katika wakati wa pekee. Mwaka mmoja kabla, katika mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa na kazi zao kuwekwa chini ya wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa maendeleo. Wakati Bunge linapitisha sheria iliyotawala magari kwa nusu karne iliyofuata, hapakuwa na halmashauri ya wilaya ya kudai fungu lake. Suala la mgawanyo wa faini halikuhitaji kujibiwa kwa sababu hapakuwa na mdai.

Halmashauri zilirudi kwa sheria za mwaka 1982: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, na Na. 9 kwa fedha zake. Zikapewa tena uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza faini kwa ukiukaji wake. Sheria ya 1973 haikuguswa katika jambo hili. Askari wa usalama barabarani alibaki chini ya Jeshi la Polisi, na Jeshi la Polisi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkurugenzi wa halmashauri hakuwa na amri juu yake wala hesabu ya alichokusanya. Ndipo mgawanyo wa enzi ya ukoloni ulipojirudia, safari hii halmashauri ikiwa imekaa katika kiti cha hazina ya wenyeji.

Jambo lingine la kipindi hicho lilihusu ardhi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wa mikoa ya kati kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji, mara nyingi kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie. Si kila kijiji cha barabarani Singida kilizaliwa na operesheni hiyo. Vingine vilikuwa vituo vya biashara tangu zamani. Lakini sera iliyomtaka mtu aishi karibu na barabara iliotesha makazi marefu, membamba, yenye shule upande mmoja na kisima upande wa pili. Barabara ilikuwa ya vumbi, na lori lilipita polepole kwa sababu ya mashimo na makorongo. Hatari iliyokuwa ndani ya ramani hiyo haikuonekana mpaka lami ilipofika.

Lami, kibao na tochi

Wakala wa Barabara nchini, TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000, na katika muongo uliofuata barabara kuu za Singida zilibadilika kwa kasi ambayo mkoa haukuwahi kuiona. Sehemu za Manyoni hadi Singida na Singida hadi Shelui ziliwekwa lami, mlima Sekenke ukapata njia bora, kisha barabara ya kwenda Babati ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Safari ya Dodoma kwenda Mwanza, iliyokuwa ya kulala njiani, ikawa ya siku moja.

Sheria ilikuwa na jibu lake: kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa mabasi na magari mazito nje ya makazi. Kwa vijiji vilivyonyooka kando ya barabara, jibu hilo lilimaanisha kibao kimoja baada ya kingine. Dereva aliyetoka Manyoni alfajiri alipaswa kupunguza na kuongeza mwendo mara nyingi kabla ya kuiona Singida mjini, na kila kibao kilikuwa mahali panapoweza kusimama askari mwenye kifaa cha kupima mwendo, ambacho madereva wote wanakiita tochi.

Haitoshi kusema, kama baadhi ya madereva wasemavyo, kwamba tochi iliwekwa kwa ajili ya mapato tu. Watoto wa Issuna na Ikungi walivuka barabara ileile ambayo wazazi wao waliivuka ilipokuwa ya vumbi, na basi lililokuja sasa lilikuja na mwendo mwingine. Lakini pia haitoshi kusema kwamba tochi iliwekwa kwa ajili ya watoto tu. Tochi iliyofichwa mwishoni mwa kijiji, pale nyumba zinapokwisha na dereva anapoanza kukanyaga mafuta, huandika makosa mengi zaidi ya ile iliyosimama wazi mbele ya shule, na humlinda mtoto kwa kiasi kidogo zaidi. Mahali pa kusimamia panaeleza nia ya anayesimama kuliko sheria inayomruhusu.

Tozo moja kwa wote

Sheria ya 1973 inampa askari uwezo wa kumwandikia mtuhumiwa taarifa ya kosa. Anayekiri hulipa tozo iliyowekwa na jambo linakwisha bila kufika mahakamani. Asiyekiri hupelekwa mbele ya hakimu. Utaratibu huu, maarufu kwa jina la faini ya papo kwa papo, ulikuwa na faida za wazi katika mkoa wenye mahakama chache na umbali mrefu. Dereva wa Mwanza aliyeandikiwa Ikungi hakuwa tayari kurudi baada ya wiki tatu kusikiliza kesi ya taa ya nyuma.

Kasoro yake ilikuwa katika kiwango. Tozo ilikuwa moja kwa kila kosa, iwe ni lori la tani 30 au pikipiki. Hakimu angeweza kupima uzito wa kosa na uwezo wa mkosaji; karatasi ya askari haikuweza. Hapo ndipo kulipozaliwa jambo ambalo takwimu za makosa haziwezi kulionyesha. Kwa kuwa kiwango hakiguswi, kilichobaki mikononi mwa askari ni idadi. Gari lenye tairi lililochakaa, lisilo na kizimamoto, lililozidisha abiria, lingeweza kuandikiwa makosa matatu, mawili au moja. Majadiliano ya barabarani yalihusu hesabu hiyo. Orodha ya makosa yaliyoandikwa, kwa hiyo, ni orodha ya matokeo ya majadiliano, na mtafiti anayeitumia kueleza tabia za madereva wa Singida anapaswa kuikaribia kwa tahadhari.

Mwaka 2011 nyongeza ya kwanza kubwa ilifika. Hotuba ya bajeti ya Juni mwaka huo, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo, ilipendekeza tozo ya kosa la barabarani ipande kutoka Shilingi 20,000 hadi Shilingi 50,000. Pendekezo lilipingwa, na kiwango kilichoanza kutumika kikawa Shilingi 30,000. Jambo la kuzingatia ni mahali pendekezo lilipotokea. Halikuja katika muswada wa usalama barabarani pamoja na vifungu vya mikanda, mwendo na ulevi. Lilikuja katika bajeti, jirani na hatua za kodi na ushuru. Adhabu ilijadiliwa kama chanzo cha mapato, na tangu hapo ilikuwa vigumu kuwashawishi madereva kwamba ni kitu kingine. Malalamiko kuwa trafiki wamegeuzwa wakusanyaji wa mapato, yaliyosikika bungeni mara kadhaa katika miaka iliyofuata, yana mzizi katika uamuzi huo wa mahali pa kuliweka jambo.

Kupanda kwa tozo kulikuwa na athari nyingine ambayo wanauchumi wangeitabiri na madereva waliijua tayari. Kila faini halali inapopanda, bei ya kuikwepa nayo hupanda.

Karatasi ya halmashauri

Wakati Hazina ikitazama barabara kuu, halmashauri za Singida zilikuwa katika dhiki yake ya peke yake. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi mdogo uliowakera wananchi. Kodi hiyo ilikuwa na historia mbaya na wachache waliilia. Lakini kwa halmashauri za mkoa wenye mvua chache na viwanda vichache, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vichache vilivyokuwa vyao kweli. Pengo lilijazwa kwa ruzuku kutoka juu, yenye masharti yake, na kwa ushuru wa mazao, minada, masoko na stendi.

Hapa mfano wa mbali unasaidia. Katika jimbo la California nchini Marekani, faini ya msingi ya kupita taa nyekundu ni dola 100, lakini baada ya kuongezwa tozo za jimbo na za kaunti kwa ajili ya mahakama, huduma za dharura na mambo mengine, dereva hulipa karibu dola 490. Mji ambao askari wake aliandika kosa hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Baadhi ya miji ikaona njia: kuandika kosa lilelile chini ya sheria ndogo ya mji badala ya sheria ya jimbo. Dereva alilipa kidogo, mji ukabaki na chote, na jimbo likakosa. Bunge la jimbo liliziba mwanya huo kwa Muswada wa Seneti Na. 949 wa mwaka 2010, ulioanza kutumika Julai 2011, mwaka uleule ambao Dodoma ilikuwa inabishania Shilingi 50,000.

Halmashauri ya Manispaa ya Singida isingeweza kufanya kama miji hiyo. Mji wa California una polisi wake. Manispaa ya Singida ina mgambo na watoza ushuru. Mwendokasi, taa na leseni ya udereva ni mambo ya askari wa Jeshi la Polisi pekee. Kwa hiyo msukumo uleule ulizaa tabia tofauti. Halmashauri haikuweza kuandika mwendo, ikaandika kusimama: maegesho, kushusha abiria nje ya stendi, kupakia mzigo mahali pasiporuhusiwa, kufanya biashara ya usafiri bila kibali. Chombo kilichokuwa kinakwenda kilikuwa cha Hazina. Kilipotulia kilikuwa cha halmashauri.

Bodaboda waliangukia katikati ya mgawanyo huu. Pikipiki za bei nafuu zilipoenea katika miaka ya mwisho ya 2000, vijana wa Singida walipata kazi ambayo haikuhitaji shamba wala cheti. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliitambua biashara hiyo, na mamlaka ya usafiri ya wakati huo, SUMATRA, ilikasimu utoaji wa leseni hizo kwa halmashauri. Kwa mara ya kwanza tangu 1963, mamlaka ya mtaa ilikuwa na mkono halali katika udhibiti wa chombo cha moto kinachotembea. Lakini ilikuwa mkono wa leseni na eneo la kuegesha, si wa kofia ngumu na mwendo. Kijana mmoja alikuwa na kibali cha halmashauri, bima, na leseni ya udereva, na kila kimoja kilikuwa na mwandikaji wake. Aliyekosa kimoja siku ya Jumatatu angeweza kuandikiwa na huyu. Aliyekosa kingine siku ya Jumanne, na yule. Hakuna mamlaka iliyojua jumla.

Mwaka 2017 mstari ulisogezwa tena. Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa na kuchukua barabara zilizokuwa za halmashauri pamoja na ushuru wa maegesho. Sababu za kitaalamu zilikuwepo, kwa kuwa barabara za wilaya zilikuwa zimetelekezwa kwa miaka mingi. Kwa halmashauri, ile sehemu ya kusimama iliyokuwa imejikatia nayo ikaondoka.

Robo iliyoongezwa na mashine

Hadi katikati ya miaka ya 2010, tozo ya barabarani ilikuwa na mahali. Iliandikwa Ikungi, ikalipwa Ikungi au kituo cha polisi kilicho karibu, kwa fedha taslimu na stakabadhi. Mwaka 2015 Jeshi la Polisi lilianza kutumia mashine za kielektroniki katika malipo ya faini, kuanzia Dar es Salaam, na tangu 2017 malipo ya Serikali yakaingizwa hatua kwa hatua katika mfumo mmoja wa namba ya kumbukumbu ya malipo, unaomwezesha mtu kulipa kwa benki au simu. Mengi yaliboreka. Fedha taslimu ziliondoka mkononi mwa askari, na dereva aliweza kuangalia deni lake mwenyewe.

Pamoja na unafuu huo ilikuja nyongeza ya aina ya pili. Asiyelipa katika siku 7 aliongezewa asilimia 25. Kabla ya hapo dereva asiye na fedha alizuiliwa chombo au aliachiwa kwa namna moja au nyingine. Sasa aliachiwa na deni. Deni hilo lilifuata namba ya gari, likamngoja katika kizuizi chochote nchini. Askari wa Nzega alipoingiza namba ya basi katika mashine na kuona deni la Ikungi, kazi yake ikawa ya kudai kosa ambalo hakuliona, la mtu ambaye huenda si dereva wa siku hiyo. Mmiliki wa gari aliyeajiri madereva watatu kwa mwaka alirithi makosa ya wote, na robo ya kila moja.

Hapa pana tatizo la kisheria ambalo uzito wake hauendani na udogo wa Shilingi 7,500. Taarifa ya kosa, kwa asili yake, ni tuhuma inayoambatana na nafasi ya kukiri. Mtu asiyelipa anaweza kuwa amekosa fedha, anaweza kuwa amesahau, na anaweza kuwa hakubali kwamba alitenda kosa. Kwa huyu wa tatu, sheria ya 1973 ilikuwa na mlango wa mahakama. Mashine haikumtofautisha na wale wawili wa kwanza. Siku ya nane tuhuma yake iligeuka deni lililokwisha ongezwa, kabla ya hakimu yeyote kulisikia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hadi ithibitike kwamba amelitenda. Haijadiliwi hapa kama mahakama ingeiona nyongeza hiyo kuwa kinyume cha Ibara hiyo. Kinachojadiliwa ni mwelekeo wa historia: kila hatua iliyorahisisha ulipaji ilirefusha pia njia ya kubisha. Dereva wa Arusha aliyetaka kupinga tochi ya Misigiri alipaswa kurudi Iramba, na kila siku ya kusubiri ilikuwa na gharama yake. Wengi walilipa.

Kwa uandikaji wenyewe, nyongeza ya kielektroniki ilipunguza sababu ya askari kusita. Zamani, kumwandikia mtu asiye na fedha kulileta usumbufu kituoni. Baada ya mashine, kuandika hakukuhitaji kwamba anayeandikiwa awe na kitu mfukoni.

Mizani ya Njuki

Si kila faini ya barabarani ilikwenda njia hiyo. Katika mizani ya Njuki mkoani Singida, lori lililozidisha uzito lilitozwa kwa kanuni nyingine, na fedha zake ziliingia Mfuko wa Barabara, ambao kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998 ulitengwa kwa ajili ya matengenezo, asilimia 30 ya fedha zake zikienda barabara za serikali za mitaa. Lori lililoharibu lami ya Singida lililipa katika mfuko uliotengeneza lami, na sehemu yake, ingawa kwa mzunguko mrefu, ingeweza kufika barabara ya kijiji. Basi lililohatarisha watoto wa Issuna lililipa katika mfuko usio na jina la barabara wala la watoto.

Tozo ya mizani nayo ilikuwa na vita vyake. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi John Magufuli aliondoa msamaha uliokuwa unatolewa kwa uzito uliozidi kwa kiwango kisichopita asilimia 5. Wasafirishaji waligoma, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausitisha uamuzi huo. Ulinganisho wa mgogoro huu na ule wa 2011 unafundisha jambo. Wenye malori walikuwa wachache, wenye chama, na waliweza kusimamisha bandari. Mgogoro wao ulihusu asilimia 5 na ukapata jibu kwa siku chache. Waendesha bodaboda, walio wengi kuliko wao kwa mbali, walisubiri miaka kumi.

Juni 2021

Nafuu yao ilitoka kwa mtu wa Singida. Mwigulu Nchemba, Mbunge wa Iramba Magharibi tangu 2010, alikuwa bungeni mwaka ambao tozo ilipandishwa. Aliongoza Wizara ya Mambo ya Ndani, yenye trafiki ndani yake, kati ya 2016 na 2018. Na Machi 2021 akawa Waziri wa Fedha. Katika hotuba yake ya kwanza ya bajeti, Juni mwaka huo, alipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke kutoka Shilingi 30,000 hadi Shilingi 10,000 kwa kosa. Pikipiki haikupaswa tena kuadhibiwa kama basi. Ilichukua muongo mzima sheria kukiri tofauti ambayo hakimu yeyote wa Mahakama ya Mwanzo angeiona kwa macho.

Mabadiliko hayo yasidharauliwe. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, Shilingi 20,000 zilizopungua zilikuwa tofauti kati ya kulipa na kuiacha pikipiki kituoni. Ni sahihi pia kuona kwamba nafuu ilipitia mlango uleule ulioingiza mzigo: hotuba ya bajeti. Kiwango kilishuka, lakini kilishuka kama kodi inavyoshuka, kwa busara ya waziri mwenye dhamana ya mapato.

Mengine yalibaki kama yalivyokuwa. Tozo ya Shilingi 10,000 iliyocheleweshwa iliongezeka kwa kanuni ileile na kuwa Shilingi 12,500. Magari mengine yaliendelea na Shilingi 30,000. Fedha ziliendelea kwenda Mfuko Mkuu, na Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Singida mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliendelea kuwa na barabara kuu inayoikata katikati bila kuwa na usemi juu ya vibao vyake, ambavyo ni vya TANROADS, wala juu ya tochi yake, ambayo ni ya Jeshi la Polisi. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka tuta au kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya shule huandika barua, na barua hiyo hupita ofisi tatu zisizowajibika kwa kijiji chake, wakati makosa yaliyoandikwa mbele ya shule hiyohiyo yanafika Hazina siku hiyohiyo kwa simu.